Hipnosi si uchawi, lakini si kila mwenye sauti tamu ni tabibu

Hebu fanya jaribio moja siku ya soko pale Ogwedhi. Simama karibu na mifugo, mahali wafanyabiashara wa Migori hukutana na wale wa upande wa Narok, kisha uwaulize wasee watano: hipnosi ni nini? Wa kwanza atakwambia ni ile ya filamu, saa inabembea mbele ya macho halafu mtu anageuka zuzu. Wa pili atasema ni ile dawa ya wezi, ukipulizwa unaenda mwenyewe kwa M-Pesa unatoa pesa zote unawapatia. Wa tatu atasema ni majini. Wa nne ataapa ni mambo ya wahubiri fulani. Wa tano atakuuliza kama unanunua ng'ombe ama unampotezea muda.

Ni vigumu kumpata mmoja atakayekwambia kwamba hipnosi ni kitu ambacho madaktari wamekipima hospitalini, wakaona mahali kinaposaidia na mahali kinapogonga mwamba. Na mimi naona hapo tunapoteza mara mbili. Tunakikimbia pale ambapo kingetufaa, halafu tunakinunua kwa bei ghali pale ambapo tunaibiwa.

Maana usidhani jambo hili liko mbali. Ukiwa na simu na bando ya shilingi 20, tayari umefikiwa. YouTube na TikTok zimejaa sauti za kubembeleza: sikiliza hii ukilala, utaamka umeacha pombe, sikiliza siku 21, magonjwa yote kwisha. Kuna wanaokutumia namba ya kulipia kabla hata hawajakuuliza unaugua nini. Kwa hivyo wewe kijana wa Ogwedhi, Migori mjini, Rongo ama Homa Bay, ni heri ujue unachouziwa.

Tuanze na kitu unachokijua. Umewahi kutazama Gor Mahia ikicheza na AFC Leopards, dakika ya 88, mabao sare? Mtu anakuita kwa jina mara tatu, husikii. Jirani amekukanyaga kidole, hujui. Firimbi ya mwisho ikishalia ndipo kidole kinaanza kuuma. Hukuwa umelala, na hakuna aliyekuroga. Mtu angepiga kelele za moto ungeruka dirishani kama wenzako. Ni kwamba akili yako yote ilikuwa imekusanyika mahali pamoja, na mengine yote, pamoja na maumivu ya kidole, yakasukumwa pembeni.

Hipnosi inafanana sana na hali hiyo, ila hapa inatengenezwa makusudi. Mnakaa, mnaongea kwanza kuhusu shida yako. Kisha mtaalamu anakuongoza kwa sauti: tazama hapa, sikiliza pumzi yako, legeza mabega, jione uko mahali unapopajua na kupapenda. Akili ikishatulia, anakupa pendekezo. Anaweza kukwambia mkono wako unapoa kama umeuzamisha mtoni, ama tumbo linaachia taratibu kama ngumi inayofunguka. Mwishoni anakurudisha polepole. Wengi hukumbuka karibu kila kilichosemwa. Hipnotherapia basi ni hiyo hipnosi ikitumiwa kutibu, mikononi mwa mtu aliyesomea kutibu.

Na watu hawalingani. Kuna anayezama haraka, kuna anayezama nusu, na kuna ambaye hata umsemeshe saa nzima atakuuliza tu chai iko wapi. Haimaanishi mmoja ana akili dhaifu ama mwingine ana imani kubwa. Tumeumbwa tofauti, basi.

Historia yake ilianza kwa dai la uongo, na ni vizuri uijue kwa sababu dai hilo bado linauzwa sokoni. Kule Paris, miaka ya 1780, daktari aitwaye Franz Mesmer alidai kwamba mwilini mna majimaji ya sumaku yasiyoonekana, na kwamba yeye anaweza kuyapanga upya mtu akapona. Watu walimiminika kwake. Walitetemeka, wakalia, wengine wakasema wamepona. Mwaka 1784 Mfalme Louis XVI aliunda tume ya kuchunguza, na ndani yake walikuwemo Benjamin Franklin wa Marekani na mwanakemia Antoine Lavoisier. Tume ilitumia mbinu rahisi sana. Watu walioambiwa kwamba wametiwa sumaku, na hawajatiwa, walitetemeka. Waliotiwa bila kuambiwa hawakuhisi kitu. Tume ikasema: sumaku hakuna hapa, kinachofanya kazi ni mawazo ya mgonjwa.

Wengi waliisoma hukumu hiyo kama mwisho wa habari. Lakini hebu fikiria. Kama mawazo peke yake yanaweza kumtetemesha mtu mzima, basi si kitu cha kupuuza. Ni kitu cha kuchunguza.

Aliyechunguza ni Mskoti mmoja, James Braid, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Manchester, Uingereza. Miaka ya 1840 aliitupa hadithi ya sumaku akabaki na umakini wa akili. Ndiye aliyelieneza neno hipnosi, akilitoa kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya usingizi. Baadaye aliona mwenyewe kwamba si usingizi, ila jina lilikuwa limeshashika. Miaka hiyohiyo, Bengal nchini India, Mskoti mwingine aitwaye James Esdaile aliwapasua wagonjwa kwa kutumia njia za Mesmer, kwa sababu dawa za kumlaza mgonjwa zilikuwa bado hazijaanza kutumika huko. Kisha mwaka 1846, mjini Boston, etha ikaonyeshwa hadharani ikimlaza mgonjwa wakati wa upasuaji. Etha haikubagua anayezama na asiyezama. Hipnosi ikawekwa pembeni, na kusema kweli ilistahili.

Ilirudi polepole kupitia utafiti. Mwaka 1984, Peter Whorwell na wenzake huko Manchester waliwachukua wagonjwa 30 wenye matatizo sugu ya utumbo: maumivu, tumbo kujaa, choo kisichoeleweka, na dawa zimeshindwa. Nusu walipewa hipnotherapia. Nusu walipewa mazungumzo ya ushauri na vidonge visivyo na dawa ndani. Waliopewa hipnotherapia walipata nafuu kubwa zaidi. Tafiti nyingine zikafuata, na tangu 2008 mwongozo wa NICE, taasisi inayoelekeza matibabu Uingereza, unasema mgonjwa wa aina hiyo akikaa miezi 12 na dawa bila nafuu, hipnotherapia ni mojawapo ya njia za kufikiriwa.

Sasa leta habari hiyo hapa kwetu. Kila tumbo linalouma linaitwa alsa. Unapewa vidonge dukani, vikiisha unarudi kwa vingine, mwaka wa pili huo. Ninachosema ni hivi: kwanza pimwa. Vidonda vya tumbo vya kweli mara nyingi huletwa na bakteria, na bakteria hasikii sauti tamu, anasikia dawa. Lakini kuna matumbo ambayo yamepimwa, hayana kidonda wala uvimbe, na bado yanauma kila mara mtu akiwaza karo ama kodi ya nyumba. Mwenye tumbo hilo haigizi. Utumbo na ubongo vinawasiliana muda wote, na hapo ndipo hipnotherapia ina rekodi nzuri kuliko mahali pengi.

Pengine ni kwenye maumivu ya hospitalini. Mwaka 2007, watafiti wa New York walichapisha utafiti wa wanawake 200 waliokuwa wakifanyiwa upasuaji wa matiti. Baadhi yao walikaa dakika 15 na mwanasaikolojia wakaingizwa kwenye hipnosi kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Hao walihitaji dawa kidogo zaidi wakati wa upasuaji, na baadaye wakaripoti maumivu na kichefuchefu kidogo kuliko wenzao. Huko Liège, Ubelgiji, tangu 1992 maelfu ya wagonjwa wamepasuliwa wakiwa macho, kwa hipnosi pamoja na ganzi ya sehemu na dawa kidogo ya kutuliza. Shika neno hilo, pamoja. Hakuna aliyezitupa dawa nje.

Kwa kuacha sigara je? Mapitio makubwa ya Cochrane ya 2019 yaliona ushahidi hautoshi kusema hipnosi inazishinda njia nyingine. Kwa uchungu wa kujifungua, mapitio ya 2016 yaliona huenda ikapunguza matumizi ya dawa za maumivu kwa jumla, lakini haikupunguza matumizi ya ganzi ya mgongoni. Kwa hivyo mtu akikwambia hipnosi inatibu kila kitu, jua huyo amekuja kuuza.

Na hapa sitacheka na mtu. Hipnosi haiui virusi vya HIV. Haiui vimelea vya malaria. Haishushi sukari ya mgonjwa wa kisukari aliyeacha insulini. Kanda yetu ya ziwa ndiyo yenye mzigo mkubwa wa selimundu nchini, na najua vile familia yenye mtoto wa selimundu inavyotamani neno lolote la matumaini. Kumfundisha mtoto huyo kupumua na kuituliza akili maumivu yanapoanza ni jambo zuri. Kumwachisha dawa zake, ama kumzuia nyumbani akiwa na homa ama akihema kwa shida, ni kumuua. Hali kadhalika mtu anayesikia sauti zisizokuwepo ama anayeamini anafuatwa. Huyo mpeleke kwa daktari wa akili. Usimfanyie majaribio ya YouTube.

Kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaijui, nayo kwa mazingira yetu ndiyo inanitisha zaidi. Ni ile ya kutumia hipnosi kufukua kumbukumbu. Watu hudhani ubongo ni kamera, ukiubonyeza vizuri utatoa picha iliyofichika. Haiko hivyo. Kumbukumbu hujengwa upya kila tunapokumbuka, na mtu aliye kwenye hipnosi anaweza kujenga tukio ambalo halikutokea kisha akaliamini kwa moyo wote. Ndiyo maana mahakama nyingi za Marekani zinauwekea mipaka ushahidi uliopatikana hivyo.

Sasa mchukue mtu ambaye mambo yake yamekwama, mpeleke kwa mwenye sauti tamu, aulizwe akiwa amefumba macho: nani anakufunga? Lazima uso fulani utakuja. Mara nyingi utakuwa wa mama mzee jirani. Oktoba 2021, kule Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa shuku za uchawi. Marani si mbali na sisi. Haikuhitaji hipnosi yoyote, shuku peke yake ilitosha. Kwa hivyo yeyote anayekuahidi kukuonyesha adui yako ukiwa umefumba macho, inuka uende nyumbani. Huyo hakutibu, anakupa jina la mtu wa kuumiza.

Na ile ya wezi wa kupuliza? Hipnosi haiendi kwa upepo, na haimgeuzi mtu mashine ya kutii. Anayewekewa mchele kwenye kinywaji baa amelishwa dawa, hilo ni kosa la jinai na anahitaji hospitali. Anayetoa pesa zake mwenyewe barabarani mara nyingi ameshikwa kwa haraka, kwa tamaa ya faida ama kwa woga wa polisi bandia. Hayo ni matapeli wa kawaida. Tukiwaita wachawi tunawapa nguvu wasizokuwa nazo.

Haya, tuseme umeamua kujaribu. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, uliza hivi. Wewe ni nani kitaaluma, daktari, nesi, afisa wa kliniki ama mwanasaikolojia? Leseni yako imetoka bodi gani? Kenya ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia tangu 2014, na kuna baraza la madaktari na la maafisa wa kliniki. Jina la mtu linaweza kutafutwa. Cheti cha hipnosi peke yake, cha wikendi moja mtandaoni, hakimfanyi mtu kuwa tabibu. Uliza pia vikao vingapi, bei gani, na tutajuaje kama haisaidii. Akikwambia uache dawa za hospitali, akikuahidi kupona kabisa, akitaka mkae peke yenu mlango ukiwa umefungwa na hutaki, ondoka. Huhitaji kueleza.

Lakini niseme ukweli mchungu. Hata ukiuliza maswali yote hayo, ukiwa Ogwedhi kupata mtaalamu kama huyo ni ndoto. Na mimi siombi serikali ituletee ofisi ya hipnotherapia penye zahanati isiyokuwa na dawa za maumivu. Ninachodai ni sehemu yake moja ambayo haina gharama kubwa: maneno.

Kwa sababu tayari tunafanyiwa hipnosi kila siku, ila ile ya kinyume. Msichana wa miaka 19 analetwa kwa boda saa nane usiku, uchungu umeshika, ni mara yake ya kwanza. Anaambiwa: unalia nini, si ulikuwa unafurahia? Kila mwanamke Kenya amelisikia hilo ama ana dada aliyelisikia. Ule ni wakati ambao akili yote imekusanyika mahali pamoja, na sauti inayosikika ni moja tu, ya aliyevaa sare. Hilo nalo ni pendekezo, na linaingia. Mwaka 2005, Elvira Lang na wenzake huko Marekani walichunguza maneno ambayo wahudumu huwaambia wagonjwa wakati wa taratibu za hospitali. Wagonjwa walioonywa kwa maneno ya maumivu waliripoti maumivu zaidi na woga zaidi. Sindano ni ileile, ila ulimi uliiongezea makali.

Fikiria nesi huyohuyo, usiku huohuo, akisema: nyathina, niko hapa nawe. Vuta pumzi polepole. Uchungu huu unapanda, utafika juu, halafu utashuka. Kila unaposhuka, acha mabega yashuke nao. Hajatumia hata dawa moja. Hajasema uongo wowote. Ametumia kile Braid alichokiona Manchester karibu miaka 180 iliyopita.

Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2022 yanazipa kaunti jukumu la kutoa huduma za afya ya akili. Basi Migori na Homa Bay, anzeni na hapo. Wafundisheni manesi wa wodi za wazazi, wanaosafisha vidonda, wanaong'oa meno na wanaowahudumia watoto wa selimundu namna ya kuongea na mtu mwenye maumivu. Wafundisheni wahamasishaji wa afya ya jamii wanaotembea boma kwa boma. Najua manesi ni wachache na wamechoka, na nesi mmoja hawezi kubembeleza wagonjwa 30. Hiyo ni sababu ya kuajiri wengine. Haiwezi kuwa sababu ya kuendelea kutusi walioko kitandani.

Na wewe msomaji, kuna kipande unachoweza kujifanyia bure, mradi huko barabarani kwa pikipiki wala hushiki kisu. Kaa mahali penye utulivu. Chagua kitu kimoja cha kutazama, kisha acha macho yafumbe yenyewe. Toa pumzi polepole kuliko unavyoivuta, mara 10. Pita mwilini kuanzia kichwani hadi miguuni ukilegeza. Jione mahali unapopajua, labda ukingo wa mto ama chini ya mwembe wa kwenu, na usikie sauti na harufu za pale. Jiambie sentensi moja fupi inayohusu shida yako, kwa mfano: tumbo langu linaachia. Rudi kwa kuhesabu hadi tano. Dakika 10 zinatosha, kila siku, kwa wiki kadhaa. Kama inakuletea picha mbaya ama woga unazidi, acha na umwone mhudumu wa afya.

Ikikusaidia, poa. Isipokusaidia, hujalipa mtu. Ila dawa zako endelea nazo, siku ya kliniki usiikose, na mtu akikushika siku ya soko akidai ana sauti inayoponya yote, muulize leseni kwanza.